Shomoro wa Nyongeza

Mhadhara kwa walimu wa shule ya Jumapili na viongozi wa vijana, Kisumu

Bwana asifiwe. Asanteni, ketini. Walio nyuma sogeeni mbele, viti vipo, na mvua ikianza kupiga mabati huko nyuma hamtasikia neno.

Kichwa mlichopewa ni thamani ya mtu katika uumbaji wa Mungu, na naona wengi mmeshafungua Mwanzo sura ya kwanza. Ifungeni kwanza. Tutaifikia. Tunaanzia sokoni Kibuye, kwenye omena, wale dagaa wa ziwani.

Anayenunua omena haulizi bei ya omena mmoja. Bei hiyo haipo. Omena hupimwa kwa gorogoro, na gorogoro hujazwa mpaka kilele kisimame, na kilele kikishasimama mnunuzi naye husimama pale pale, mfuko wazi, anangoja. Anangoja nini? Nyongeza, haswa. Mama muuzaji anachota konzi moja na kuitupia juu. Konzi ile haikupimwa. Haina bei, kwa sababu bei imekwisha kulipwa. Ikiwepo, vizuri, isipokuwepo, biashara imefanyika vilevile. Konzi hiyo muiweke akilini.

Sasa Mathayo 10:29. Soma, mama, kwa sauti. “Je! Mashomoro wawili hawauzwi kwa senti moja?” Wekeni kidole hapo. Haya, Luka 12:6. “Je! Mashomoro watano hawauzwi kwa senti mbili?” Wangapi? Watano. Kwa senti ngapi? Mbili. Senti moja ni ndege wawili, basi senti mbili ni ndege wangapi? Wanne! Huyu wa tano ametoka wapi?

Ni nyongeza. Ni ile konzi.

Nimelisema hili katika semina nyingi na nitaendelea kulisema, kwa maana watu husoma mistari hii miwili tangu utotoni na hawaihesabu. Hebu tuihesabu vizuri. Hiyo “senti” ya Biblia yetu ni assarion ya Kigiriki, sarafu ndogo ya shaba. Assarion 16 zilifanya dinari moja, na dinari moja, Mathayo 20 inatuambia, ni malipo ya kibarua wa shamba la mizabibu kwa siku nzima. Tuchukue kibarua wa hapa anayelipwa shilingi 800, ili hesabu iwe rahisi. Gawanya kwa 16: shilingi 50. Kwa hiyo ndege wawili ni shilingi 50, na ukitoa shilingi 100 unapewa wanne, halafu muuzaji anatupia mmoja juu. Ilikuwa nyama ya mtu asiye na uwezo wa kununua mbuzi, wala njiwa. Hakuna aliyekwenda sokoni kununua shomoro mmoja. Hata karne tatu baadaye, kaisari Diocletian alipotoa amri ya bei mwaka 301, shomoro waliwekewa bei kwa makumi, kama sisi tunavyoweka omena kwa gorogoro. Shomoro hana bei yake binafsi, na wa tano hana hata sehemu katika bei ya wenzake.

Na ni kwenye mstari huohuo, wenye ndege wa tano, ndipo Yesu anapoongeza: “Wala hasahauliwi hata mmoja wao mbele za Mungu.” Hata mmoja. Angeweza kusema Mungu anawajua mashomoro kwa jumla. Mfugaji wa kuku elfu moja anawajua kuku wake kwa jumla, maana akifa mmoja anapunguza tarakimu daftarini. Yesu anashuka hadi kwa mmoja, na katika watano wale yupo mmoja ambaye soko halikumwandikia chochote, naye hasahauliwi.

Mnaofundisha vijana, mnawajua watu wa nyongeza. Ni mtoto aliyezaliwa wazazi wakiwa wamekwisha sema watoto wametosha. Ni mjane anayelishwa kwa shemeji na kila akinyoosha mkono mezani anaona jicho la mtu. Ni kijana aliyeongezwa kwenye mjengo kwa kuwa mikono ilipungua siku hiyo, na kesho hataitwa. Ni mwanafunzi ambaye darasa lilihitaji idadi. Mtu kama huyu hajali sana ukimwambia “una thamani kubwa.” Amekwisha sikia, na anajua bei yake kwa sababu ameiona ikitajwa, au ameona ikikosa kutajwa. Mpe hesabu ya shomoro wa tano. Aihesabu mwenyewe, kwa kidole chake. Mimi najali hili kuliko mengine yote nitakayosema leo, kwa hiyo mkisinzia baadaye, hili muwe mmelibeba.

Sasa mtu atanipinga, na pingamizi lenyewe liko mstari unaofuata. Luka 12:7: “Msiogope basi, bora ninyi kuliko mashomoro wengi.” Kumbe! Atasema: mwalimu, Yesu mwenyewe analinganisha. Thamani yetu ni kwamba tunawazidi ndege.

Hapana. Tazameni hoja inavyojengwa. Walimu wa Kiyahudi walikuwa na njia ya kutoa hoja kutoka dogo kwenda kubwa: ikiwa jambo dogo liko hivi, je, kubwa? Yesu aliitumia mara nyingi. Majani ya kondeni, Mungu huyavika. Je, si zaidi ninyi? Ninyi mlio waovu mnawapa watoto wenu vitu vyema. Je, si zaidi Baba? Hoja ya aina hii ina nguzo moja tu, nayo ni lile dogo. Ondoa nguzo, nyumba yote inaanguka. Sema shomoro hana maana kwa Mungu, kisha jaribu kuendelea: “Shomoro ni bure mbele za Mungu, basi ninyi...” Basi ninyi nini? Hakuna kinachofuata. Hoja inasimama kwa sababu shomoro tayari ana maana mbele za Mungu, anahesabiwa, anakumbukwa, kabla mwanadamu hajatajwa. Huwezi kujipandisha kwa kumkanyaga shomoro, maana yeye ndiye unayesimama juu yake kusikia neno la kukutia moyo.

Na hapa ndipo tunapokosea katika makanisa yetu, na lazima niseme bila kuzunguka. Nakuru, Eldoret, Kakamega, hapa Kisumu, semina ya vijana haiishi bila mtu kusimama na kupaza sauti: “Wewe si kuku! Wewe ni tai!” Halafu kinafuata kile kisa. Mnakijua. Kwamba tai akifika miaka 40 hupanda mlimani, akaupiga mdomo wake mwambani mpaka ukang'oka, akangoja uote upya, akang'oa kucha, akang'oa manyoya, akakaa siku 150, kisha akaishi miaka 30 mingine.

Wapendwa, hakuna tai wa namna hiyo. Tai asiye na mdomo hararui nyama, na asiyerarua nyama hali, na asiyekula hamalizi siku 150. Manyoya ya tai hubadilika moja moja, kidogo kidogo, ili asikose mabawa ya kuwindia. Nendeni ufukweni Dunga asubuhi mkamwangalie tai mla samaki, mtamwona na pengo bawani na bado anaruka. Na huyo “tai” wa Biblia, nesher kwa Kiebrania, mara nyingine ni yule tunayemwita tumbusi: Mika 1:16 inawaambia watu wajifanye upaa kama yeye, na tai halisi hana upaa, kichwa kina manyoya. Isaya 40, ile ya kupanda juu kwa mbawa kama tai, haikuharibika kwa sababu hiyo. Tumbusi hupanda juu sana kwa hewa ya joto bila hata kupiga bawa, na picha ya nabii ni hiyo, ya kubebwa. Sisi tumeigeuza kuwa picha ya kujikakamua.

Lakini kosa la kisa si ndege tu. Kosa ni kwamba kinamfundisha kijana kumdharau kuku ili ajipende. Jumapili anapiga makofi, Jumatatu anaamka kwenye chumba kilekile, bodaboda ni ya mtu, deni la simu limeongezeka, na hakuna kilichoruka. Sasa ana matatizo mawili: lile la kwanza, na lile la kuwa tai aliyeshindwa. Thamani iliyojengwa juu ya kupaa humwacha mtu siku ya kuanguka.

Na kuanguka ndilo neno la Mathayo! Rudini 10:29. “Wala hata mmoja haanguki chini asipojua Baba yenu.” Neno “asipojua” watafsiri wetu wameliongeza ili sentensi ikae vizuri; Kigiriki kinasema kwa ufupi tu “bila Baba yenu.” Shomoro haanguki bila Baba. Lakini anaanguka. Yesu hakusema hataanguka. Alikuwa akiwatuma wanafunzi mahali pa kupigwa katika masinagogi, sura yote ndiyo hiyo, na hakuwapa ahadi kwamba hakuna atakayegusa ardhi. Wanaotumia mstari huu kumwambia mgonjwa “hutakufa” wanausoma nusu. Aliyefiwa na mtoto akiuliza, “Mungu alikuwa wapi?”, mstari haumwambii kwamba mtoto hakuanguka. Unamwambia mtoto hakuanguka mahali ambapo Baba hayupo. Hilo ni dogo kuliko tunavyotaka. Ni kubwa kuliko tunavyojua kulisema, na mara nyingi ni afadhali kulisema mara moja kisha kukaa kimya na kumwagia mtu chai.

Haya, Mwanzo 1. Sasa fungueni.

Hesabuni “njema”, “vyema” au “chema”, jinsi Mungu alivyoona. Mstari wa 4, nuru. Wa 10, nchi kavu na bahari. Wa 12, mimea. Wa 18, jua na mwezi. Wa 21, samaki na ndege. Wa 25, wanyama. Mara sita, na mtu bado hajaumbwa. Ya saba ni mstari wa 31, “kila kitu alichokifanya, na tazama, ni chema sana”, na pale kinachoitwa chema sana ni vyote kwa pamoja. Mtu hakupewa “chema” ya peke yake. Hakupewa hata siku ya peke yake: siku ya sita tunaigawana na ng'ombe na vitambaavyo. Baraka ya “zaeni mkaongezeke” ilitolewa kwanza kwa samaki na ndege, mstari wa 22, sisi tukaipata baadaye. Na pale 2:7, “mtu akawa nafsi hai”, Kiebrania ni nefesh haya, maneno yaleyale yaliyotumika kwa viumbe vya majini katika 1:20 na vya nchi kavu katika 1:24. Watafsiri waliweka “kiumbe hai” kwa mnyama na “nafsi hai” kwa mtu, basi Mswahili anasoma maisha yake yote bila kujua kwamba ni neno moja. Hata jina Adamu limetoka adama, ardhi, na maneno hayo yako karibu na lile la rangi nyekundu. Watu wa Kakamega na Vihiga, mnaijua ardhi hiyo, inabaki kwenye viatu mpaka Jumatano.

Kwa nini nawasumbua na hesabu hizi? Kwa sababu ya mpangilio. Vitu sita vilikuwa vyema kabla ya kuwepo mtu wa kuvitumia. Wema wao haukuwa faida yao kwetu. Watu wa Nakuru, heroe wa ziwa lenu, hao flamingo, walikuwa wema kabla mtalii wa kwanza hajakata tiketi. Na maji ya ziwa yalipopanda, magadi yakapungua makali, mwani wanaoula ukapungua, na wengi wakahamia Bogoria, hawakuupoteza wema wao njiani. Ukilikubali hilo kwa heroe, umelikubali kwa mtu aliyestaafu. Umelikubali kwa asiye na kazi. Uzuri wa kuwa kiumbe ni kwamba uliitwa chema ukiwa hujafanya kitu bado. Ukitaka kujitenga na viumbe vingine ili uwe wa maana, unajitenga na sentensi yenyewe iliyokuita chema.

“Lakini sisi tuna mfano wa Mungu!” Ndiyo. Nilijua litakuja. Tuna mfano, na hilo hakuna kiumbe kingine kilichoambiwa. Swali ni mfano huo ni nini. Muulize mkristo yeyote, atakujibu: akili. Au kunena. Au dhamiri. Sasa nenda naye kwa mtoto mwenye ulemavu wa akili ambaye hatasema neno maishani. Nenda naye kwa mzee aliyesahau majina ya wanawe. Je, hawa mfano wao umepungua? Nusu mfano? Mkisema mfano ni uwezo, mtalazimika kusema ndiyo, na hakuna mama katika chumba hiki atakayewaruhusu.

Neno la Kiebrania ni tselem. Ni neno la sanamu. Katika Hesabu 33:52 ni zile sanamu za kuvunjwa. Mwaka 1979, kaskazini mwa Siria, mahali paitwapo Tell Fekheriye, ilipatikana sanamu ya mtawala ya karne ya 9 kabla ya Kristo, yenye maandishi ya lugha mbili, Kiakadi na Kiaramu. Katika Kiaramu, sanamu hiyo inaitwa kwa maneno mawili, nayo ni yaleyale ya Mwanzo 1:26, mfano na sura. Wafalme wa zamani waliweka sanamu zao mahali wasipoweza kufika wenyewe. Sanamu haina akili. Haineni. Haifanyi kazi yoyote. Kazi yake yote ni kwamba mfalme ameiweka pale, na ukiitemea mate umemtemea aliyeiweka. Na katika nchi zile za kale ni mfalme aliyeitwa mfano wa mungu. Mkulima hakuitwa hivyo. Mwanzo 1:27 inalichukua jina la ikulu na kulitia kwa kila mtu, mwanamume na mwanamke, wametajwa wote wawili. Na baada ya dhambi, baada ya gharika, 9:6 bado inasema mtu ni mfano wa Mungu, ndiyo sababu damu yake haimwagwi. Yakobo 3:9 bado analisema kuhusu mtu unayemtukana barabarani. Mfano ni kuwekwa. Kinachoweza kupungua ni uwezo, na uwezo haukuwa sababu.

Naona saa. Nilitaka kupita Ayubu 38 hadi 41, Mungu anapomtembeza Ayubu kati ya wanyama wasio na faida yoyote kwake, someni nyumbani. Na Zaburi 139:15, lile neno “nilipoungwa kwa ustadi”, kwa Kiebrania ni kutarizi, kazi ya sindano iliyofanywa kwenye pazia la mlango wa hema katika Kutoka 26. Wanaotarizi vitambaa mnaijua kazi hiyo. Basi, naliacha hapo.

Jambo la bei siwezi kuliacha. Mtu mwenye Biblia ataniletea Mambo ya Walawi 27: mwanamume wa miaka 20 hadi 60, shekeli 50, mwanamke, 30, mtoto wa kiume chini ya miaka mitano, 5, wa kike, 3. “Mwalimu, Biblia inapanga bei za watu!” Inapanga malipo ya nadhiri, mtu akijiweka wakfu kisha akalipa fedha badala ya kutumika, viwango vinafuata nguvu za kazi. Na soma mstari wa 8: aliye maskini kuliko kiwango, kuhani anashusha. Bei inayoshuka kwa ajili ya mfuko wako haikuwa kipimo cha nafsi yako. Nafsi inapotajwa yenyewe, Kutoka 30:15, sheria inabadilika: tajiri asizidishe, maskini asipunguze, nusu shekeli. Na fedha ile ilikwenda wapi? Kutoka 38: watu 603,550, talanta 100 zikamiminwa kuwa vikalio 100 vya kusimamisha mahali patakatifu, talanta moja kila kikalio. Talanta ni shekeli 3,000. Kwa hiyo kila kikalio kilikuwa nusu-nusu za watu 6,000 zilizoyeyushwa pamoja, na hakuna aliyeweza kunyoosha kidole na kusema yangu ni ile. Kweli, waliohesabiwa ni wanaume wa miaka 20 na zaidi, na mama zangu mna haki ya kuliuliza hilo. Hesabu ilikuwa ya jeshi. Ile ya Mwanzo 1:27 inawataja na ninyi, na ndiyo ya kwanza.

Sasa linganisheni na Jumapili zetu. Harambee, majina yanasomwa na kiasi kinasomwa, kuanzia juu kwenda chini, na aliyetoa mia hasomwi kabisa. Matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, yakitoka: “Aliyepata A asimame!” Gredi ziko 12, kutoka A hadi E. Anasimama mmoja, kumi na watano wamekaa na wanaangalia sakafu, na wiki inayofuata mnashangaa vijana wamekwenda wapi. Fanyeni hivi: someni majina ya watahiniwa wote kwa alfabeti, bila gredi, waombeeni kwa sala moja. Pongezi za masomo zifanywe siku nyingine, nyumbani, kwa chapati. Na mara moja kwa mwaka wekeni sadaka ya kiasi kimoja kwa wote, shilingi 20, mzee wa kanisa na mtoto wa shule ya Jumapili, na atakayetoa noti ya elfu moja arudishiwe chenji palepale. Wengine watachukia. Subirini tu.

Zimebaki dakika chache, kwa hiyo kipindi cha vijana nawapa mbiombio. Kikundi kisizidi watu 12. Dakika 90. Muwe na Biblia, punje tano za mahindi na sarafu mbili kwa kila watu watatu, na karatasi. Kwanza someni Mwanzo 1 yote kwa sauti, dakika tano hivi, wao wahesabu “chema”. Pili, punje na sarafu: wasomee Mathayo, wapange, wasomee Luka, wapange. Kisha nyamaza. Walimu wengi wanaharibu hapa, wanamtaja shomoro wa tano kabla mwanafunzi hajamwona. Ngoja, hata dakika nne. Yupo mtoto atakayeshika punje ya tano na kuuliza, “Na hii?” Hapo ndipo kipindi kinaanza.

Tatu, kila mtu aandike kwenye karatasi vitu alivyopimwa navyo: gredi, mahari iliyotajwa, karo, rangi ya ngozi, ploti, watoto aliozaa au hakuzaa. Karatasi hazikusanywi. Hazisomwi. Usimlazimishe mtu ushuhuda. Anayelazimishwa hutoa kidogo kisicho cha kweli na hujilaumu wiki nzima. Zikunjwe, kila mtu aende na yake. Usifanye ule mchezo wa kila mtu kumsifu jirani yake. Anayesifiwa viatu wakati mwenzake anasifiwa moyo wa ibada amepewa bei tena. Na mtu akisema, au akidokeza, kwamba hataki kuishi, acha kipindi kiendeshwe na mwenzako. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo. Usimwache peke yake, na siku hiyohiyo nenda naye kituo cha afya, wewe mwenyewe, miguu kwa miguu. Sonona ni ugonjwa. Mstari wa shomoro hautumiki mahali pa daktari, kama usivyotumika mahali pa dawa ya malaria.

Nne ni kutoka nje, dakika 20, kila mtu na kiumbe kimoja kidogo: mjusi, siafu, jani la mpapai, mnana anayefuma kiota. Aandike vitu kumi anavyoviona. Kumi, si vitatu. Saba vya mwisho ndivyo vigumu na ndivyo vinavyofaa. Kosa la hapa nalijua na nitalikataza tangu mwanzo: mtu anaandika “siafu anatufundisha bidii.” Hapana. Siafu hakuumbwa kuwa somo lako. Andika miguu yake, andika anabeba nini, andika anapinda wapi. Anayeweza kumtazama siafu dakika 20 bila kumtafutia matumizi, ataanza kuweza kujitazama vilevile.

Maswali tutayapokea baada ya chai. Mvua haijaanza, kwa hiyo hatua ya nne tunaifanya sasa hivi, na ninyi ndio mnaoanza. Chukueni karatasi hapo mlangoni. Chini ya ukingo wa paa hili, upande wa tangi la maji, kuna kiota cha shomoro. Watatu waende pale, wasikaribie sana. Vitu kumi. Asiandike mtu funzo.